Makopo Vipara

Kwetu Sagalla hakuna asiyeijua sheria hii. Chakula cha mgeni huonjwa kwanza na mwenye nyumba, mbele ya macho ya mgeni. Mwenye nyumba akikataa kuonja alichokiandaa mwenyewe, humtoa beberu wake akamkabidhi mgeni siku iyo hiyo, pamoja na kamba.

Sheria hii ni ya zamani kuliko kanisa letu, na wamisionari walipoisikia hawakuona ubaya ndani yake. Mimi mwenyewe niliwafundisha watoto darasani, nikawaambia kwamba muungwana haogopi chakula chake.

Laiti ningaliwafundisha hesabu tu.

Aliyekosa magazeti ya nyuma na ajue haya. Jina langu ni Zephaniah, mwalimu mstaafu na mzee wa kanisa. Tangu nilipoligundua duka la Bei ya Chini, nyuma ya stesheni ya Voi, nyumba yangu haijatulia. Kwanza nilileta sukari iliyogandamana, ikabidi tuikate kwa msumeno wa mbao. Kisha nikanunua jozi ya viatu, vyote viwili vya mguu wa kushoto, nikavivaa nikaenda kusoma somo kanisani, na waumini wakaniona nikiipanda mimbari kwa ubavu. Juma lililopita nilikomea pale mke wangu, Peris, aliponikataza katakata kulikanyaga duka lile, nami nikaahidi kwa sauti ya kusikika.

Niliahidi Jumanne. Siku ya Alhamisi jirani yangu Danson akaja mbio, kofia mkononi.

"Mwalimu, wanakuja Jumamosi!"

"Nani hao?"

"Watu wa Kituku. Baba yake, Mzee Musyimi wa Voi. Mama yake, Bi Syombua. Na ami yake, Ndeti. Wanakuja kuposa, na mimi ndiye mshenga."

Jikoni bakuli likaanguka. Alikuwa Tryphena, binti yetu wa mwisho, ambaye alikwisha kutuambia kwamba akimkosa Kituku, karani wa tiketi pale stesheni, basi tusimtafutie mwingine, atazeeka nasi. Nilimjua binti yangu. Angezeeka nasi kweli, tena kwa makusudi.

"Heri na wakaribie," nikasema.

"Utawachinjia Karani?" Danson akauliza.

Hapo ndipo moyo wangu uliposhtuka. Karani ni beberu wangu, na sina mwingine. Watu walimpa jina hilo kwa sababu humtazama kila apitaye lango letu kana kwamba amekuja bila barua ya chifu. Nilimlea tangu angali wa kubebwa. Mwaka wa njaa nilimgawia uji wangu.

"Mtu hamgusi Karani," nikasema.

"Basi wageni watakula nini, Mwalimu? Sheria?"

Nilikuwa tayari natafuta fimbo yangu ya safari na kikapu.

"Baba Tryphena," Peris akaniita kutoka mlangoni, "unakwenda wapi?"

"Kunyosha miguu."

"Miguu hainyoshwi na kikapu. Uliahidi hutalikanyaga duka lile."

"Niliahidi kutonunua viatu wala sukari."

"Hukuahidi hivyo!"

"Ndivyo nilivyokusudia, Mama Tryphena, na ahadi hutazamwa kwa kusudi lake." Nikashuka mlima kabla hajapata jibu, maana hakawii kulipata.

Dukani nilimkuta Nzioka, muuzaji, ameketi juu ya kreti akijipepea. Nyuma yake palikuwa na mlima wa makopo yasiyo na karatasi hata moja, yanang'aa kama vichwa vilivyonyolewa.

"Mwalimu! Umekuja wakati wake. Haya ndiyo makopo vipara."

"Karatasi zake zi wapi?"

"Ghala moja la Mombasa liliingia maji. Makopo yako salama kabisa. Majina ndiyo yaliyoogelea yakaenda."

Nikalichukua moja. "Hili lina nini ndani?"

"Hilo lina bahati."

"Sikuulizi habari za bahati, Nzioka. Nauliza chakula."

"Mwalimu wangu, ningelijua kilichomo, ningeliuza kwa bei ya kilichomo. Sijui, na ndiyo sababu ni rahisi. Mimi nawauzia watu kutojua."

Jibu hilo lilinipendeza, kwa maana lilikuwa na mpango mzuri. Mtu mwingine angalikwenda zake. Lakini mimi nina elimu. Nikaliweka kopo sikioni, nikalitikisa.

Likalia: chubwi, chubwi.

Nikalitikisa la pili. Kimya.

Hapo ndipo nilipoigundua kanuni ambayo naiandika hapa ili watoto wa shule waone jinsi akili inavyoweza kumpoteza mtu mzima. Nilisema moyoni: kilicho na maji hulia, maharagwe yana maji, njegere zina maji, matunda yana maji. Nyama imeshindiliwa, haina nafasi ya kusogea. Kwa hiyo kopo linyamazalo ni nyama.

"Nipe yanayonyamaza," nikasema.

"Mwalimu, chukua ya namna zote. Ukichanganya, napunguza tena."

Nani anayeweza kulikataa neno kama hilo? Nikachanganya. Nilipotoka, Nzioka alinionyesha kwa kidole ubao uliopigiliwa juu ya mlango, wenye maandishi ya rangi nyekundu: KILICHOTOKA HAKIRUDI.

"Nimesoma," nikamwambia. "Mimi ndiye niliyemfundisha kusoma aliyekuandikia."

Nyumbani nilitenga makopo kwa chaki. Yaliyonyamaza niliyaandika herufi N, yaani nyama, nikayaweka mezani. Yaliyolia nikayasukuma chini ya meza ya jikoni.

Peris alisimama akiyatazama. "Fungua moja tujue."

"Kopo lililofunguliwa halikai hadi Jumamosi. Tutakuwa tumelipoteza."

"Heri tupoteze kopo kuliko kupoteza uso. Fungua moja, Baba Tryphena."

"Zaidi ya hayo, yatafunguliwa mbele ya wageni. Fikiri. Sheria yataka niwaonjee mbele ya macho yao. Je, kuna chakula kisichoguswa na mkono kuliko kilichozibwa kiwandani? Yatachemshwa yakiwa yamezibwa, yataletwa yakifuka moshi, nitayafungua, nitaonja. Watu wa Voi watarudi wakisimulia."

"Kusimulia watasimulia," Peris akasema. "Na maji ya kuchemshia bati yatatoka wapi? Haya yaliyo mtungini nimeyapandisha mlima kwa mgongo wangu."

Siku ya Jumamosi maji yalichemka hata hivyo, kwa sababu Tryphena aliyateka mwenyewe alfajiri. Mapenzi yana nguvu kuliko bomba la halmashauri.

Wageni walifika jua likiwa limepanda. Mzee Musyimi alikuwa mtu mkubwa, mpole wa sauti, koti jeusi, aliyestaafu karakana ya reli baada ya kulainisha magurudumu ya treni ujana wake wote. Ndugu yake Ndeti alikuwa mwembamba na mwenye kupenda ubishi. Niliona hilo alipobishana na ngazi ya mlango wetu. Bi Syombua alitusalimu kwa adabu, kisha akaenda jikoni kwa wanawake, kama desturi.

Tulisali. Tuliulizana habari za mvua, ambayo haikuwapo. Nje ya dirisha Karani aliwachungulia wageni mmoja mmoja.

"Beberu mzuri," akasema Musyimi.

"Ni wa kutazamwa tu," nikasema upesi.

Tryphena akaleta ugali mweupe, mkubwa, na sufuria ya makopo matatu yanayofuka moshi. Hakukuwa na kitu kingine mezani. Nikatangaza kwamba ni nyama ya kopo, na wageni wakatazamana. Kopo la nyama huku kwetu ni chakula cha mabwana wa mashamba ya mkonge, na nilifurahi kuona kwamba heshima imewafikia.

Nikalidunga la kwanza kwa kisu.

Lilikuwa limevimba kwa moto. Liliachia mluzi, kisha likarusha kitu chekundu hadi darini, na kiasi kingine kikatua kwenye ndevu zangu. Nikakipangusa kwa kidole, kikaingia mdomoni.

Ilikuwa jemu.

"Mwalimu," akasema Ndeti, "hiyo ni nyama gani yenye mbegu?"

Nilikuwa nimekwisha kuonja, tena kabla ya sahani, na aliyeonja hawezi kusema ameandaa kitu kibaya. Nikamega ugali, nikauchovya, nikatafuna kwa utulivu. "Karibuni," nikasema. "Ni tamu."

Hilo halikuwa uongo.

Mzee Musyimi alilitazama kopo kwa muda mrefu, akaligeuza, akaitazama mikwaruzo yake kama mtu anayemtambua jamaa msibani. Kisha akamega tonge kubwa, akalichovya, akala. "Safi," akasema. "Makopo ya siku hizi ni safi sana."

Nilishangaa. Danson akaniinamia sikioni, uso umemgeuka rangi.

"Mwalimu, umeyanunua wapi haya?"

"Bei ya Chini."

"Ole wetu! Duka lile ni lake!"

"La Nzioka."

"Nzioka ni mwajiriwa tu. Mwenye duka ni huyu hapa, anayekula jemu na ugali."

Basi nikaelewa mambo mawili kwa pamoja. Musyimi hakuweza kukisema vibaya chakula changu bila kulitukana duka lake. Nami sikuweza kulitukana duka lake bila kumkosesha binti yangu mume. Tulikuwa tumefungwa katika kopo moja.

"Mkwe," nikasema, nikilitumia neno hilo mapema kwa makusudi, "ongeza."

"Nimetosheka na hili. Tuone la pili."

La pili lilikuwa maziwa mazito yenye sukari. Moto ulikuwa umeyageuza kuwa kitu cha rangi ya kahawa, kinachonata. Nikaonja. Meno yangu ya juu yalishikana na ya chini, na kwa muda nikawa siwezi kuongea.

"Mwalimu amenyamaza," Ndeti akasema.

"Anatafakari," akasema Danson.

Musyimi alikula pia. Nilimwona akiuvuta ugali kutoka katika bakuli kwa mikono miwili, na uzi mrefu wa maziwa ukimfuata hadi kwenye koti. "Yana nguvu," akasema. "Mtu halali njaa kwa haya."

"Mimi nitalala njaa," Ndeti akasema. "Kaka, chakula hiki ni cha watoto wachanga."

"Nyamaza ule."

Likabaki la tatu, ambalo lilikuwa zito kuliko yote, na lililonyamaza kuliko yote. Nililiwekea tumaini langu lote. Nikalidunga.

Halikupiga mluzi. Ndani yake palikuwa na kitu cha rangi ya dhahabu iliyokolea, laini, kinachong'aa, kimelainika kwa moto. Nikakimimina kwenye sahani. Kikatoka taratibu, kwa heshima, kikatulia katikati.

Kisha harufu ikafika.

Mzee Musyimi alikuwa ameinusa kabla yangu. Nilimwona akifumba macho. Mtu aliyefanya kazi karakana ya reli maisha yake yote hahitaji kuambiwa harufu ya grisi.

"Mkwe," nikasema polepole, "wewe ni mtu wa biashara. Hebu niambie, hiki ni chakula gani?"

Akafumbua macho. Hakuna mjanja kama mtu mpole.

"Mwalimu, mimi ni mgeni. Mgeni hasemi neno juu ya chakula kabla mwenye nyumba hajaonja."

"Lakini wewe unakijua."

"Nitakijua baada yako."

"Na asipoonja?" Ndeti akauliza, akijinyosha dirishani amwone Karani vizuri. "Sheria ya huku kwenu inasemaje, Mwalimu? Nilisikia habari ya beberu."

Nikachukua kijiko. Nikakitia kwenye grisi, nikakiinua. Nilimfikiria Tryphena. Nilimfikiria Karani na uji wangu wa mwaka wa njaa. Kijiko kilifika midomoni. Pua yangu ikaniambia kwamba kitu kile kiliumbwa kwa ajili ya ekseli za treni, na tumbo langu likakubaliana nayo.

"Onja, Mwalimu," akasema Musyimi kwa upole. Jasho lilikuwa likimtoka. Naamini aliniombea nishindwe, maana kama ningalimeza, zamu ya pili ilikuwa yake.

Nikakiweka kijiko chini.

Wakati ule ule, kwa sababu nisiyoijua hata leo, Karani aliingia kwa mlango wa mbele, akapita katikati ya wageni bila salamu, akaweka kidevu juu ya meza, akalamba kijiko. Akafikiri. Akalamba sahani.

"Ameonja!" Danson akaruka. "Nyumba imeonja! Beberu ni mali ya nyumba, na nyumba imeonja mbele ya wageni!"

"Mbuzi si mwenye nyumba," Ndeti akasema.

"Anakaa humu!"

"Hata panya anakaa humu. Je, panya akionja?"

"Panya hana jina. Huyu anaitwa Karani."

"Basi mpe kalamu atie sahihi! Sheria yasema mwenye nyumba. Mwalimu, wewe ndiye msomi. Mwenye nyumba ni nani, wewe au huyu mwenye ndevu?"

"Sote tuna ndevu," Danson akasema.

Waliendelea hivyo hadi Musyimi alipopiga meza kwa kiganja, na kiganja kikanata kwenye maziwa. "Mwalimu aseme mwenyewe," akasema. "Nitalishika neno lake."

Wote wakanigeukia. Ningaliweza kusema kwamba nyumba imeonja. Danson alikuwa akinikonyeza kwa macho yote mawili. Lakini nilikumbuka darasa langu, na watoto waliokaa kwenye mikeka, na sauti yangu mwenyewe ikiwaambia habari za muungwana na chakula chake.

"Mwenye nyumba ni mimi," nikasema. "Na sikuonja."

Nikatoka nje kuitafuta kamba. Iliniwia nzito. Karani alisimama kimya nikimfunga, ndevu zake zikimeremeta kama buti la askari, na kwa mara ya kwanza hakumtazama mtu yeyote kama aliyekosa barua. Nikauweka mwisho wa kamba mkononi mwa Mzee Musyimi, mbele ya mashahidi.

"Faini imelipwa," nikasema.

"Imelipwa," Musyimi akaitikia. Sauti yake haikuwa ya mtu aliyeshinda. Tumbo lake lilinguruma, na langu likalijibu.

Ndipo mlango wa jikoni ulipofunguka, akatoka Bi Syombua akijifuta midomo kwa ncha ya leso, uso wake unang'aa kwa shibe. Nyuma yake walikuja Peris na Tryphena, nao wanang'aa.

"Mama Tryphena," Bi Syombua akasema, akimshika mke wangu mkono, "nyama ya nyumba hii! Laini, imezama ndani ya mchuzi mzito! Tangu nizaliwe sijala nyama ya kopo kama ile. Na ninyi wanaume, mmebakiza?"

Nikamtazama Peris.

"Yale yaliyolia," akasema bila kupepesa. "Uliyoyasukuma chini ya meza. Nilifungua moja nijue. Kisha tukafungua yote."

"Chubwi, chubwi," nikasema.

"Mchuzi ndio uliokuwa ukilia, Baba Tryphena."

Ndeti alikaa chini juu ya ngazi ile ile aliyobishana nayo, akakishika kichwa. Musyimi alimtazama mkewe aliyeshiba, akaitazama kamba, akamtazama beberu.

"Mzee Musyimi," Danson akasema kwa sauti ndogo, "na lile neno la posa? Msichana anangoja."

Tryphena alikuwa amesimama mlangoni, vidole vimesokotana.

"Msichana sina neno naye," Musyimi akasema. "Lakini mimi siwezi kuunganisha ukoo wangu na nyumba iliyonipa faini yenye walakini. Mbuzi huyu amekula mnachokijua. Akifika Voi kwa miguu yake, binti ni wetu, na Jumamosi ijayo mtakuja kwangu, na mimi nitaonja kwanza. Akinifia njiani, basi kila mtu na njia yake."

"Alichokula kimetoka dukani kwako!" nikasema.

"Kimetoka," Musyimi akajibu. "Umeusoma ubao."

Wakaondoka. Tulisimama langoni, mimi, Peris na binti yetu, tukiwatazama wakishuka njia ya mlima, koti jeusi mbele, kamba katikati, na Karani nyuma akitembea kwa madaha, mwepesi ajabu, kama gurudumu lililotiwa mafuta.

Tryphena akanishika mkono. "Baba, atafika?"

"Atafika," nikasema.

Walipolifikia lile jiwe kubwa penye kona, Karani alisimama. Akageuza kichwa, akatutazama juu huko tulikokuwa. Kisha, bila haraka, akapiga magoti.